Bizimu la Kaka

Mliniacha uani, nimechuchumaa mbele ya beseni la siki, mkononi nimeshika bizimu la mkanda wa askari, na nyuma yake nimeiona alama ya kiluwiluwi.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa ufupi. Mwanangu Chuma alipoachishwa kazi kwenye machimbo ya kokoto, na mkewe akaondoka na wajukuu zangu, alirudi kwangu na begi moja na mashine ya kutafutia chuma ardhini. Ina mkono mrefu na sahani chini, na ikipita juu ya chuma au shaba inalia. Sisi tunaiita Mbwa, maana kazi yake ni kunusa na kubweka. Chuma huenda nayo kwenye uwanja wa kambi ya zamani, ng'ambo ya mto, pale palipopiganwa vita nikiwa mtoto. Anafukua mabizimu na mabamba ya shaba ya mikanda ya askari. Mimi na wifi yangu, wazee wawili wasio na kazi nyingine, tunayasafisha. Bwana mmoja tuliyembatiza Miwani anakuja na gari lake kuyanunua, akayabandike ukutani kwake.

Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka alichukuliwa vitani hata mwezi wa harusi haujaisha, na hakurudi. Wifi hakuolewa tena. Mtaani wanamwita Bibi Harusi, naye anaitika.

Kaka hakujua kuandika jina lake. Kila kilichokuwa chake alikichora alama moja, duara dogo lenye mkia. Yeye alisema ni upawa. Sisi sote nyumbani tulisema ni kiluwiluwi, ila wifi peke yake, aliyeshikilia kuwa ni upawa kwa sababu mumewe amesema. Alama hiyo ipo kwenye mpini wa jembe. Ipo chini ya kigoda anachokalia wifi kila siku.

Na sasa ilikuwa kwenye bizimu, mkononi mwangu.

"Wifi!" mke wa kaka akaita kutoka jikoni, maana naye huniita hivyo hivyo. "Mbona kimya? Umeokota dhahabu?"

"Nimejichoma kidole."

"Pole. Kinyonye."

Nikakinyonya kidole kizima kisicho na mkwaruzo. Bizimu nikalisokomeza kifuani, ndani ya blauzi, linachuruzika siki.

Chuma alikuwa barazani, anambadilishia Mbwa betri. Nikamwinamia sikioni.

"Lile donge la jana ulilitoa wapi?"

"Lipi?"

"Lenye udongo mwekundu. Kambini udongo ni mweusi."

"Aa, lile. Lile si la kambini. Nilikuwa narudi, Mbwa sijamzima. Nimepita mlimani juu ya chemchemi, akabweka."

"Mlimani sehemu gani?"

"Pale ukisimama unaliona paa letu."

Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakalia ndoo iliyofudikizwa. Mlimani vita haikufika. Hata risasi moja haikulia huku. Bizimu la kaka halikuwa na njia ya kufika pale ila kwa miguu ya kaka. Kwa hiyo aliondoka kambini. Alivuka mto. Alipanda, akafika mahali pa kuliona paa la nyumba yetu.

"Mama, una nini?"

Nikalitoa, nikampa. Akaligeuza. Akalitazama, akatazama mlango wa jikoni, akalitazama tena.

"Mjomba?"

"Mjomba wako."

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniuliza swali la kazi, na swali lile ndilo lililotutesa siku mbili nzima.

"Lilikuwa limefungwa au liko wazi?"

Niwaeleze. Bizimu la askari ni mabamba mawili. Moja lina kulabu, la pili lina tundu, na kulabu inaingia kwenye tundu, mkanda unakaza. Katika kazi hii, swali hilo linaulizwa hata kabla ya kuuliza ni la jeshi gani. Bizimu likitoka ardhini limefungwa, mkanda ulikuwa kiunoni, na mwenye kiuno yupo hapo chini. Hapo Chuma huweka koleo pembeni, akachimba kwa vidole, kwa adabu. Likitoka liko wazi, mwenyewe alilivua akaenda zake.

"Umelitoa wewe, halafu unaniuliza mimi?"

"Lilikuwa donge, mama. Kama ngumi. Nimeona shaba inachungulia, nikalitia kwenye kopo nikakimbia, mvua ilikuwa inakuja."

"Kwangu limefika vipande viwili."

Tukatazamana. Kisha wote wawili, kama tuliovutwa shingo kwa kamba moja, tukageukia jikoni.

Maana kwetu usafishaji una maji mawili. Maji ya kwanza ni ya wifi. Yeye anabandua udongo, na bizimu likiwa limefungwa analifungua, kwa sababu Miwani anapenda mabamba yakae mbalimbali, aweze kuyapanga kama mbawa. Maji ya pili ni yangu, siki na mswaki wa zamani. Mtu pekee duniani aliyeona kama lilifungwa au lilikuwa wazi ni wifi. Na kumuuliza ni kumwambia.

"Tumwambie tu," Chuma akasema.

"Tumwambie nini? Kwamba mumewe alikufa analiona paa lake? Au kwamba aliliona paa lake, akageuka?"

Akaiweka betri chini. Hata yeye aliyekimbiwa na mke alijua tofauti iliyopo hapo. Mwanamke yule amekaa nyumba hii ujana wake wote, na uzee wake wote. Bizimu limefungwa, yeye ni mjane mwenye kaburi na heshima zake. Liko wazi, yeye ni mwanamke aliyeachwa asubuhi moja kutoka mlimani, na hakuambiwa mpaka leo.

Kesho yake Miwani akaja. Akapiga honi kama kawaida yake, kana kwamba mimi ni geti.

"Hamjambo wazee? Kuna kipya?"

Chuma akanikonyeza. Wifi alikuwa kisimani. Nikalitoa bizimu.

Miwani akavua miwani yake, akavaa nyingine, halafu akazivaa zote mbili kwa pamoja. Siku nyingine ningecheka.

"Zuri. Zuri sana hili."

"Sijakuuliza uzuri wake. Nataka kujua, chini kule lilikaa limefungwa au liko wazi?"

"Mama, hilo jambo jepesi. Bamba likilala juu ya mwenzake miaka yote hiyo linaacha kivuli. Pale palipofunikwa, kutu ya kijani haipandi. Unatazama hapa, pembeni mwa kulabu, unajua papo hapo."

"Basi tazama."

"Nitazame nini? Umelisugua linang'aa kama sufuria mpya. Siki imekula kivuli chote."

"Si wewe uliyesema unayataka yang'ae?"

"Mimi nilisema yasiwe na udongo."

"Ulisema yang'ae," Chuma akamwambia. "Ulisema hivyo umesimama hapo hapo."

"Haya, nilisema. Nalichukua hata hivyo."

"Hili haliondoki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Hili ni la mtu."

Miwani akanitazama kupitia vioo vinne. "Mama, yote yalikuwa ya watu."

Alisema taratibu, bila ubaya wowote, akarudi kwenye gari lake. Nikabaki nimesimama. Mangapi nimeyasugua mimi na wifi, tunacheka, tunaimba, tunalaumu magoti yetu? Kila moja lilikuwa na dada yake mahali. Sikuwahi kuwaza hivyo hata siku moja mpaka lilipokuja la kwangu.

Mchana nikajikaza. Wifi alikuwa kwenye kigoda chake, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nikaketi karibu, nikaanza kuchambua upande wangu.

"Leo umeamua kunisaidia?" akasema. "Utaumwa."

"Siumwi bwana. Wifi, hii kazi ya mabizimu haikuchoshi vidole?"

"Vidole vilishachoka kabla ya mabizimu."

"Lile donge la juzi, la udongo mwekundu. Lilikusumbua?"

Mkono wake ukasimama ndani ya maharage. Halafu ukaendelea.

"Unaliulizia nini?"

"Kulabu imepinda kidogo. Miwani analalamika."

"Mwambie Miwani aje apinde mgongo hapa aone utamu wake."

"Lakini lilikuwa limefungwa?"

Akaokota kijiwe, akamrushia kuku. Kuku akakikimbilia, akakidonoa, akakikataa.

"Lilikuwa limefungwa," akasema. "Nimehangaika nalo mpaka nikatumia uma."

"Limefungwa kabisa?"

"Wifi, umekuwa polisi? Limefungwa, kulabu ndani ya tundu. Unataka niape?"

Sikutaka aape. Niliinuka, nikazunguka nyuma ya bafu, nikajiziba mdomo kwa kanga nikalia. Na leo nawaambieni kilio kile kilikuwa cha nini. Kilikuwa cha furaha. Nilifurahi kwamba kaka yangu alikufa. Nilifurahi kwamba alianguka pale mlimani, mkanda wake kiunoni, uso umeelekea nyumbani, na hakutuacha. Naandika hivyo hivyo, na anayetaka kunihukumu anihukumu.

Nilipotulia nikanawa uso, nikarudi. Nikaliweka bizimu juu ya maharage, mgongo juu.

Wifi hakushtuka. Akalitazama. Akalipitishia kidole gumba pale kwenye alama, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi.

"Kiluwiluwi," akasema.

Maisha yake yote alisema upawa.

"Chuma amelitoa mlimani, juu ya chemchemi," nikamwambia. "Alikuwa anakuja, wifi. Alikuwa anakuja kwako. Ameanguka njiani."

"Ndivyo unavyoona?"

"Limefungwa. Umesema mwenyewe."

"Nimesema." Akalifunika kwa kiganja. "Sasa utalala?"

"Nani, mimi?"

"Wewe. Tangu mama afariki hulali. Nakusikia unavyogeuka geuka. Sasa utalala?"

Nikamkumbatia, nikamlilia begani. Yeye akanipigapiga mgongoni kama nilivyokuwa nikimpigapiga mjukuu. Nikajiambia, masikini, uchungu umemzidi, hata machozi yamegoma.

Jioni akafungua sanduku lake, akatoa shuka jeupe ambalo sijawahi kuliona. "Kesho Chuma akachimbe," akasema. "Tumlaze vizuri, yaishe."

Tulipanda mlima asubuhi, umande haujakauka. Tulikuwa wanne: mimi, wifi, Chuma na Mbwa wake, na jirani yetu fundi viatu, aliyekuja na sepetu na sanduku dogo alilolipigilia misumari mwenyewe. Fundi viatu ni mtu wa maneno. Kila siku yeye ndiye wa kwanza kumtania wifi, "Bibi Harusi, bwana harusi kachelewa foleni?" Siku hiyo alimpa mkono, akasema, "Pole, mama," na baada ya hapo hakujua aseme nini, akawa anakohoa.

Chuma akaonyesha shimo lake. Wakachimba. Kwanza kwa sepetu, kisha kwa koleo dogo, kisha kwa mikono. Mimi nilikaa macho yamenitoka, kila jiwe jeupe naliona jino.

Hapakuwa na jino. Hapakuwa na mfupa hata wa kidole.

Wakapanua shimo. Wakalirefusha upande wa chemchemi, wakalirefusha upande wa juu. Ni udongo na mizizi tu.

"Udongo mwekundu huu unakula," fundi viatu akasema, akijifuta jasho. "Hata viatu, ukivizika hapa, baada ya muda unakuta hewa."

"Umekula," wifi akadakia upesi. "Basi. Tuchote udongo kidogo, tuutie kwenye shuka, tuzike huo. Ni yeye huyo huyo."

Ningekubali. Nilikuwa nimeshaanza kukinga shuka. Lakini Chuma ni Chuma. Alikuwa amesimama ndani ya shimo, mikono kiunoni, anafikiri.

"Mfupa unaweza kuliwa," akasema. "Shaba hailiwi. Koti la askari lina vifungo vya shaba kuanzia shingoni hadi kiunoni. Vya mjomba viko wapi?"

"Chuma, baba, inatosha," wifi akasema.

"Kidogo tu, Mama Mkubwa." Hivyo ndivyo anavyomwita tangu aanze kusema.

Akavaa masikioni visikilizio vyake vya kumsikilizia Mbwa, akamwasha. Akazunguka shimo. Kimya. Akapanua mzunguko. Kimya. Akaelekea kwenye jiwe moja kubwa lililoegemea mlima, si mbali.

"Huko usichimbe," wifi akasema.

Sote tukageuka kumtazama.

"Kwa nini, mama?" fundi viatu akauliza.

"Jiwe litamwangukia."

Jiwe lile halijaanguka tangu dunia iumbwe. Na Mbwa alikuwa ameshaanza kubweka.

Chuma akapiga magoti. Hakuchimba sana. Alitia mkono chini ya ukingo wa jiwe, akatoa udongo, akautandaza kwenye kiganja, na vifungo vikawa hapo. Vyote. Vimelaliana kimoja juu ya kingine, vimeshikana kwa kutu, fungu moja la kuenea kwenye ngumi.

Akavua visikilizio, akaviacha vining'inie shingoni. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nini?" nikamuuliza. "Sema."

"Vifungo vya mtu aliyelala, mama, vinakaa mstari. Vinafuata kifua. Hivi vimekaa fungu moja." "Koti hili lilikunjwa."

"Likikunjwa," fundi viatu akaropoka, "si ina maana mwenyewe alikuwa ameshalivua?"

Halafu akajisikia alichosema, akaangalia sepetu yake.

Nikamkimbilia wifi, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake, nimzibe macho kama mtoto. Kaka alivua koti akalikunja. Alisimama hapa akaliona paa la mkewe, akavua koti, akaenda zake.

"Wifi, usitazame," nikamwambia. "Usiwasikilize hawa. Twende nyumbani, mpenzi. Twende."

Hakutetemeka. Mikono yake ilikuwa baridi na imetulia.

"Lilikuwa wazi, wifi," akasema.

"Nini kilikuwa wazi?"

"Bizimu. Maji ya kwanza. Lilikuwa wazi."

"Uliniambia limefungwa. Ulisema umetumia uma!"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ulitaka kaburi. Nikasema acha nikupe kaburi, nawe ulale."

Nikamwachia mikono. "Kwani ulijua ni la kaka?"

"Nimelijua kabla udongo haujaisha kutoka. Nikalitia kwenye beseni lako, nikakaa jikoni kusikiliza utasema nini. Ukasema umejichoma kidole."

Fundi viatu akaokota sepetu yake. Chuma akamshika mkono, wakaanza kushuka wawili hao bila kuaga, sanduku tupu begani. Mbwa walimwacha amelala kwenye majani.

Wifi akaenda mpaka kwenye jiwe. Akaliwekea mkono, kama mtu anayeshika ukuta wa chumba anachokijua.

"Mkanda ule nilimfungua mimi," akasema.

Nikautazama mkono ule juu ya jiwe.

"Vidole vyake vilikuwa vimevimba, haviwezi kulabu. Nimemfungua mimi. Koti nimelikunja mimi, nikalifukia hapa. Mkanda niliutupa kule kwenye majani, nilikuwa na haraka, palikuwa panapambazuka. Nilimletea suruali ya marehemu baba yenu. Ilimpwaya."

"Alikuja."

"Alikuja. Alinikuta nachota maji chemchemini. Alikuwa ametoroka, wifi, na watoro walikuwa wanapigwa risasi."

"Na hakushuka nyumbani. Hatua chache tu, hakushuka kumwona mama."

"Alitaka. Nilimzuia."

Hapo nikapiga kelele. Nilisahau umri wangu, nilisahau kwamba wanaume wale bado wanashuka na wananisikia.

"Mama alikufa akimwita! Amemwita mpaka sauti ikaisha! Na wewe ulikuwa umemshika kichwa!"

"Nilikuwa nimemshika."

"Na hukusema!"

"Aliniapisha. Alisema mama atalia kwa sauti, majirani wasikie. Na mdogo wangu ana mdomo."

"Nilikuwa mtoto!"

"Ulikuwa mtoto. Na mdomo ulikuwa nao."

Nikajikuta nimeushika mdomo wangu. Wasomaji wangu, mimi nimefiwa na mume, nimezika mama, nimeona nyumba ya mwanangu ikivunjika, na yote hayo nimewasimulia hapa. Hakuna lililonichoma kama hilo. Kaka alisimama juu ya chemchemi, ana njaa, ana miguu yenye malengelenge, na alichokiogopa kuliko risasi kilikuwa ni mimi.

"Na vita ilipoisha?" nikauliza. "Vita ilikwisha, wifi. Watu walirudi. Yeye je?"

"Yeye aliniita."

"Alikuita wapi?"

"Kwake. Mbali. Alimtuma dereva wa lori, akanisubiri pale pale chemchemini. Akasema, bwana wako amepata kazi na chumba, anakutaka uje."

"Lini hiyo?"

"Mama alipopooza. Wiki ile ile."

Nikakumbuka wiki ile. Mimi nilikuwa msichana nisiyejua hata kumgeuza mgonjwa. Wifi ndiye aliyenifundisha.

"Nikamwambia dereva, mwambie anisubiri," akaendelea. "Akasubiri. Akatuma tena. Mara ya pili wewe ulikuwa umetoka kumzika mumeo, na huyo Chuma yuko tumboni. Ulikuwa huli. Nilikuwa nakulisha kwa kijiko. Sasa niambie, haya yote ningemwachia nani?"

"Ungeniambia! Ningekwambia nenda!"

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Upepo ukapita kwenye majani. Chini kule lilikuwepo paa letu, bati lake limeshika kutu upande mmoja, moshi unatoka jikoni kwa sababu niliacha chungu motoni. Mtaa mzima ulimcheka mwanamke huyu kwa kungoja. Mimi mwenyewe nilimhurumia kwa kungoja. Nilimkatia nyama iliyo laini, nilimpa kitanda kilicho mbali na mlango, nikijiona mwema, namtunza mjane wa kaka yangu asiye na pa kwenda. Kumbe pa kwenda palikuwepo. Alikataa kwenda kwa ajili yangu, na hasira yangu yote niliyopanda nayo ikakosa mahali pa kukaa.

"Baada ya mara ya pili," nikasema, "alituma tena?"

Wifi akaliokota shuka pale chini. Akaanza kulikunja, ncha kwa ncha, taratibu. Hakunitazama.

"Wifi, nakuuliza. Kaka yangu yu hai?"

"Kaa chini kwanza."

"Sikai. Nijibu."

"Kaa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tupande mlima ule sauti yake ikatetemeka. "Hili huwezi kulisikia umesimama. Mimi nililisikia nimesimama, nikaanguka."

Nikakaa, juu ya udongo tuliouchimba. Wiki ijayo mtanikuta hapo hapo.